Paka amemeza kitu: kusubiri, kumtapisha, kamera au upasuaji?

Unashona, unageuka kuchukua mkasi, ukirudi uzi haupo. Paka amekaa palepale anajilamba midomo. Au umeokota mpira wa kufungia nywele sakafuni, umebaki nusu, na aliyekula nusu ya pili unamjua. Papo hapo maswali yanaanza kugombana kichwani: nimkimbize kwa daktari wa mifugo sasa hivi, au kitatoka chenyewe? Nimtapishe? Na daktari akisema apasuliwe, kweli hakuna njia nyingine?

Nimewahi kusimama hapo. Paka wangu alimeza uzi wa kushonea, ncha yake ikabaki inaning'inia pembeni mwa mdomo, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaishika ili niivute. Dada yangu akanikamata mkono. Wakati ule sikujua ameniepusha na nini. Paka alikuwa anacheza, anakula, macho maangavu, na mimi nilikuwa naamua kwa kumtazama yeye, wakati uliostahili kutazamwa ni ule uzi. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na kitu kilichomezwa, kisha muda uliopita, na sura ya paka inafuata baadaye.

Hali moja haingoji ulinganisho wowote: paka anayehangaika kupumua, anayetoa sauti ya kukwama, ambaye ulimi na ufizi vinageuka rangi ya bluu au kijivu. Huyo amekabwa, kitu kiko kwenye njia ya hewa. Mfungue mdomo, ukikiona kitu na unaweza kukishika bila kukisukuma ndani zaidi, kitoe. Kisipotoka, mwinamishe kichwa kiwe chini, mpige makofi machache ya imara katikati ya mabega, na safari ya kwenda kwa daktari ianze huku mwenzako akiendelea kumhudumia.

## Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kitu chenyewe. Vigawe mafungu. Kuna vitu vidogo na butu: kifungo, shanga, kipande cha karatasi. Kuna vyenye ncha: sindano, ndoana, kipande cha mfupa. Kuna vikubwa au vinavyovimba vikilowa, kama sifongo. Kuna betri ndogo za duara na sumaku, ambazo nitazirudia. Halafu kuna virefu na vyembamba: uzi, utepe, kamba ya kiatu, uzi wa kusafishia meno, nyuzi za mapambo zinazong'aa.

Fungu hili la mwisho linahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndilo linalodanganya watu. Ulimi wa paka una vijimwiba vinavyoelekea nyuma kooni. Uzi ukishanasa hapo, kuutema ni kazi ngumu. Kila anapojaribu unazidi kuingia. Mara nyingi sehemu moja hujizungusha chini ya ulimi au hukwama kwenye mlango wa kutokea tumboni, na sehemu iliyobaki inateremka. Utumbo unaendelea kusukuma kama kawaida, lakini uzi umeshikiliwa juu, hivyo utumbo wenyewe ndio unaopanda na kujikunja juu yake, kama kiuno cha suruali kinavyojikusanya ukivuta kamba. Uzi uliokazwa hivyo unakata ukuta wa utumbo kidogokidogo kutoka ndani. Vilivyomo vikivuja, tumbo zima linapata maambukizi. Anayeuvuta kutoka mdomoni, au ule unaochungulia nyuma, anauharakisha msumeno huo. Usiuvute hata kidogo.

Muda na mahali. Katika saa chache za mwanzo kitu huwa bado kiko tumboni, na daktari ana njia nyingi za kukifikia. Kikishaingia kwenye utumbo, njia zinapungua. Kilichokwama kwenye umio, yaani mrija kati ya koo na tumbo, ni dharura wakati wowote.

Hali ya paka. Kutapika, kukataa chakula, kutokwa na udenda, kujipapasa mdomo kwa mguu, kujificha, kukaa amejikunyata, kukosa choo au kujikamua bila kutoa kitu. Ishara hizi zikiwepo zina uzito mkubwa. Zisipokuwepo, uzito wake ni mdogo kuliko tunavyopenda kuamini, kwa maana paka ni mnyama anayeficha maumivu.

Mzigo. Dawa ya usingizi, gharama, vifaa vinavyopatikana karibu nawe, na siku utakazomuuguza.

## Njia ya kwanza: kusubiri na kumchunguza nyumbani

Inafaa kwa kitu gani. Kitu kidogo, butu, laini pembeni, kisicho na kemikali, na paka anayekula, anayekunywa na anayekwenda choo. Uzi mfupi sana huenda nao ukapita. Shida ni kwamba nyumbani huna namna ya kujua urefu wa uzi uliokwisha kumezwa, kwa hiyo hukumu hiyo mwachie daktari.

Muda wake. Vitu vya kupita hupita kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 3. Kusubiri kuna maana kukiwa na mwisho uliopangwa mapema: mweleze daktari kwa simu, mkubaliane kwamba kisipoonekana siku fulani, paka atapigwa picha ya ndani ya mwili.

Inavyofanyika. Mtenge na paka wengine ili ujue kinyesi ni cha nani. Kila akijisaidia, vaa glavu, chukua kijiti, pasua kinyesi uangalie. Mpe chakula chake cha kawaida, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo. Andika saa alipokula, alipotapika, alipopata choo. Siku ya pili kumbukumbu yako itakuwa imeshachanganya mambo. Usimpe dawa ya kumfanya aharishe, kwa sababu utumbo ulioziba ukilazimishwa kusukuma unaweza kuumia. Mafuta ya kumnywesha kwa nguvu nayo ni hatari: yanateleza yakaingia kwenye mapafu.

Hatari yake. Kupoteza muda. Utumbo ulioziba unabanwa, damu haifiki vizuri kwenye ukuta wake, na sehemu hiyo huanza kufa. Akitapika zaidi ya mara moja, au akipitisha mlo bila kuugusa, kusubiri kumekwisha. Paka mnene ana hatari ya ziada: akikaa siku chache bila kula, mafuta hujazana kwenye ini na huo ukawa ugonjwa wa pili.

Mzigo kwako. Fedha ni kidogo, macho ni mengi. Anahitajika mtu wa kuwepo nyumbani.

Inamfaa nani. Aliyekiona kitu kwa macho yake na anajua ukubwa wake, ana paka mzima mwenye afya, na anaweza kufika kwa daktari haraka mambo yakigeuka. Anayeishi mbali na kliniki asidhani njia hii ni yake kwa sababu ya umbali. Umbali ndio unaomtaka aondoke mapema kuliko wengine.

## Njia ya pili: kutapishwa kliniki

Inafaa kwa kitu gani. Kitu laini na kidogo ambacho bado kiko tumboni: mpira wa kufungia nywele, kipande cha kitambaa. Haifai kwa chenye ncha, kwa betri, kwa uzi mrefu, wala kwa kemikali inayounguza, kwa sababu kinachoumiza kikishuka kitaumiza tena kikipanda. Haifai pia kwa paka aliyelegea au anayepumua kwa shida.

Muda wake. Saa 2 za kwanza ndizo bora. Baadaye kidogo bado daktari anaweza kujaribu, lakini matumaini yanapungua kila saa.

Inavyofanyika. Daktari anampa dawa ya kutapisha, kwa kawaida sindano, huku akimwangalia mapigo na pumzi. Ujue mapema kwamba paka ni mgumu kutapishwa kuliko mbwa. Apomofini, dawa inayofanya kazi vizuri kwa mbwa, kwa paka mara nyingi haifui dafu. Zinazotumika badala yake humlegeza na kumpunguzia mapigo ya moyo. Inawezekana asitapike kabisa, na hapo daktari hana kosa.

Kumtapisha nyumbani si njia ya tano. Ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, haidrojeni peroksaidi, huunguza tumbo la paka hadi likatoka damu. Chumvi hupandisha sodiamu kwenye damu, na matokeo yake ni degedege na hata kifo. Kidole kooni kitakuletea jeraha la meno na kukisukuma kitu ndani zaidi. Nimeona ushauri wa namna hii ukipeanwa kwa nia njema kabisa, na unanitia hofu kila mara.

Hatari yake. Matapishi kuingia mapafuni, au kitu kukwama kwenye umio kikiwa njiani kutoka.

Mzigo kwako. Ziara moja, na mara nyingi mnarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Inamfaa nani. Aliyemwona paka akimeza, akaangalia saa, na yuko karibu na kliniki.

## Njia ya tatu: kutoa kwa kamera

Inafaa kwa kitu gani. Kilicho kwenye umio au tumboni, hasa ambacho hakitapishwi: sindano, ndoana, sarafu, betri. Kamera, ambayo madaktari huiita endoskopi, haifiki mbali ndani ya utumbo. Kitu kikishavuka, njia hii imefungwa.

Muda wake. Mapema, na kwa betri ni mbio. Betri ya duara iliyonasa kwenye umio inapitisha umeme kwenye nyama yenye unyevu, na upande wake hasi hutengeneza kemikali kali inayounguza kama magadi. Madhara yanaweza kuanza kabla ya nusu saa, na ndani ya saa 2 yakawa makubwa.

Inavyofanyika. Paka analazwa kwa nusukaputi. Mrija mwembamba wenye taa na kamera unapitishwa mdomoni, na koleo dogo linalopita ndani yake linakamata kitu na kukitoa. Hakuna kidonda cha nje. Eksirei hupigwa karibu kabisa na wakati wa kuanza, maana sindano iliyokuwa tumboni asubuhi inaweza kuwa kwenye utumbo jioni. Usimlishe njiani kwa huruma. Tumbo lililojaa chakula linaficha kitu, na kutapika akiwa usingizini ni hatari.

Hatari yake. Ya nusukaputi, na ya kuchana umio kwa kitu chenye ncha. Pia inaweza kushindikana. Kwa hiyo mzungumze kabla: kamera isipofaulu, unaridhia upasuaji papo hapo akiwa bado amelala, au aamshwe kwanza?

Mzigo kwako. Si kila kliniki ina mashine hii. Uliza kwa simu kabla ya kuondoka, usije ukapoteza saa muhimu ukihamishwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Gharama iko juu ya kutapishwa, lakini paka anapona haraka.

Inamfaa nani. Mwenye paka ambaye kitu chake ni hatari, bado kiko juu, na mashine inafikika.

## Njia ya nne: upasuaji

Inafaa kwa kitu gani. Kilichokwama kwenye utumbo, kikubwa kisichoweza kupita, uzi uliokwisha kuukunja utumbo, na sumaku zaidi ya moja. Sumaku mbili zikiwa katika mikunjo miwili tofauti ya utumbo hutafutana, zikabana kuta katikati yake hadi zikatoboka. Utumbo ukiwa umeshatoboka, hakuna njia nyingine.

Muda wake. Hapa ndipo nina maoni makali. Watu wengi huogopa kisu, wakaitumia njia ya kwanza kama kimbilio la kukwepa ya nne. Naielewa hofu hiyo. Lakini upasuaji wa mapema na wa kuchelewa ni vitu viwili tofauti. Ukifanyika mapema, daktari anachana mahali padogo kwenye utumbo mzima, anatoa kitu, anashona. Ukichelewa, anakuta kipande kimekufa. Anakikata na kuunganisha ncha mbili zilizobaki, kwenye mwili ambao umeshapungukiwa maji na huenda una maambukizi. Gharama inapanda, na nafasi ya kupona inashuka.

Inavyofanyika. Kwanza picha. Eksirei inaonyesha vizuri chuma na mifupa mingi. Uzi, kitambaa, mti na plastiki nyembamba mara nyingi havionekani. Daktari anasoma dalili za pembeni, kama hewa iliyokaa vibaya au utumbo uliojikusanya. Altrasaundi husaidia pale eksirei inaponyamaza. Kwa hiyo ukiambiwa eksirei haijaonyesha kitu, na wewe unajua alimeza uzi, sema tena kwamba alimeza uzi. Kisha paka anawekewa maji kwa mshipa ili arudishiwe nguvu kabla ya nusukaputi. Uzi mrefu unaweza kuhitaji kuchana sehemu zaidi ya moja.

Kwa uzi peke yake kuna njia ya kati. Ukigunduliwa mapema, paka hana dalili, na umenasa chini ya ulimi, daktari anaweza kuukata pale uliponasa na kumweka chini ya uangalizi kuona kama utapita. Baadhi hupita. Lakini hilo hufanyika mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko hatua chache, endapo hali itabadilika.

Hatari yake. Nusukaputi, maambukizi, na mshono wa utumbo kuvuja. Siku 3 hadi 5 za mwanzo ndizo za kumwangalia zaidi: akirudia kutapika, akakataa chakula, akalegea, rudi siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kadi.

Mzigo kwako. Ni mkubwa kuliko zote. Usiku mmoja au kadhaa kliniki, dawa za maumivu, milo midogo midogo, kola ya shingoni asilambe kidonda, na siku 10 hadi 14 za kumzuia kuruka.

Inamfaa nani. Paka ambaye kitu chake hakipiti na hakifikiki kwa juu. Kwake kuahirisha hakupunguzi chochote.

## Wewe uko wapi?

Ukiwa umemwona akimeza kifungo kidogo au shanga moja na yuko mzima, piga simu. Yaelekea utaambiwa usubiri, au umpeleke akatapishwe kama muda bado unaruhusu.

Mpira wa kufungia nywele, ndani ya saa 2: kutapishwa ndiko kwa kuulizia kwanza. Ukigundua kesho yake, picha itangulie, kisha kamera kama bado uko tumboni. Mipira hii ina tabia ya kukaa tumboni na kujikusanya ikiwa kadhaa, kwa hiyo kuwa na choo cha kawaida leo hakuondoi shaka.

Uzi, utepe au kamba: leo, hata kama anacheza. Muulize daktari amtazame chini ya ulimi. Mahali hapo husahaulika kirahisi. Kama ncha inaning'inia, mzungushie kitambaa mwilini au mshike asiulambe wala kuukanyaga, mwende hivyohivyo.

Sindano: eksirei, halafu kamera kama iko juu. Ikishaingia kwenye utumbo, daktari ataamua kati ya kufuatilia kwa picha za kurudia na kupasua, kutegemea inavyosogea.

Betri au sumaku: ondoka sasa, piga simu ukiwa njiani. Chukua betri nyingine ya aina ileile au pakiti yake. Kwa sumaku, hesabu zilizobaki nyumbani. Moja butu inaweza kupita, mbili ni habari nyingine kabisa.

Hukuona akimeza chochote, ila anatapika kwa siku ya pili na hataki kula: usianze kuhesabu siku za kusubiri, kwa sababu siku hizo zimeshapita bila wewe kujua. Huyo anahitaji picha, na ujiandae moyoni kusikia neno upasuaji.

Kama eneo lako halina kamera, chaguo halisi ni tatu, na kutapishwa kuna saa chache tu. Hapo kufika mapema kunakununulia nafasi ambayo mwenzako mwenye mashine jirani anayo hata akichelewa kidogo.

Kama fedha ndiyo kikwazo, mwambie daktari mwanzoni kabisa, kabla ya vipimo. Si aibu. Anaweza kupanga kipi kifanyike kwanza na kipi kinaweza kungoja, na pengine akakubali ulipe kidogo kidogo. Ukinyamaza, atapanga kana kwamba hakuna mpaka, na fedha itaisha katikati ya vipimo.

Paka mzee, au mwenye tatizo la moyo au figo, hatari ya nusukaputi kwake ni kubwa zaidi, na inafaa damu ipimwe kwanza. Hata hivyo kitu kilichoziba utumbo hakijali umri, kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: kipi kina hatari zaidi kwa paka huyu, kumlaza au kumwacha? Mtoto wa paka naye anapungukiwa maji haraka sana, saa chache kwake ni nyingi.

Popote ulipo katika hayo, nenda na kipande kilichobaki cha kitu, saa uliyomwona mara ya mwisho akiwa nacho, saa ya mlo wake wa mwisho, na picha ya matapishi kama yapo. Na kabla hujatoka mlangoni, kusanya nyuzi zote zilizobaki mezani uzifungie ndani ya kopo lenye kifuniko. Paka aliyemeza uzi mara moja huurudia.